Mpira Mmoja Niliouruka

Wanaonifuata tangu mwanzo wanakumbuka nilipowaacha. Kiwanda kimeuzwa kwa tajiri, sisi wa karakana tumepewa barua na mkono wa kwaheri, nami nimefungua gereji yangu Mafiga, mjini Morogoro, kwenye ukuta wa jirani, nikiwa na boksi la spana na jina lililochafuka. Kwa mgeni nasema hivi tu: nilikuwa nimeua injini ya lori la watu kwa kusahau kukaza nati ya kumwagia oili. Nati moja! Mji wetu si mkubwa, na fundi aliyeua injini hahitaji kutangazwa redioni.

Jina langu ni Anselmi. Nilitamani kulibadilisha, lakini kila mtu alikuwa ameshalijua.

Basi Jumatano moja ya Julai, mwaka tisini na sita, likaja lile gari jekundu.

Nililisikia kabla sijaliona. Lilipofika kwangu likasimama, na hata lilipokuwa limesimama likaendelea kunguruma kama linapanda mlima na mzigo.

"Shikamoo, anko," dereva akasema.

"Marahaba. Zima kwanza, tusikilizane."

"Halizimwi ghafla, anko. Lina tabo hili. Lazima liachwe lipumue dakika mbili, la sivyo tabo inaungua."

Nilikuwa najua. Malori ya kiwandani yalikuwa na tabo, ile feni inayoisukumia injini hewa ya ziada, na nilizifungua na kuzifunga miaka tisa. Lakini nilimwacha afurahie kunifundisha. Tukasimama dakika mbili nzima tukitazamana, huku boneti linatetemeka.

Yule dereva hakuwa mgeni kwangu. Alikuwa Eustace, kijana wa Dar anayetoa magari ya watu bandarini. Hili alikuwa amelichukua mwenyewe, dogo la milango miwili, akawapa mafundi wa huko walifunge tabo ya gari kubwa. Na ndiye aliyekuwa akimtaka Jesca, mtoto wa dada yangu Yuliana.

Sasa nisikilizeni, maana msiba wote umelala hapa. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye neno juu ya mtoto ni mjomba. Baba anaweza kukaa akanywa chai yake kwa amani. Mjomba asipotamka ndiyo, hakuna harusi. Kwa hiyo Eustace alikuwa amekuja na shida mbili, na zote mbili zilikuwa mikononi mwangu.

"Jumamosi tunapanda kwenu Mgeta kwa posa," akasema. "Nimeshapita kwa mafundi watatu. Wote wameshindwa hii sailensa."

Sailensa ndiyo lugha yetu mafundi, ule mlio wa injini gari likiwa limesimama na mguu wako hauko kwenye mafuta. Mshale wa mizunguko ya injini unatakiwa ulale chini ya elfu moja. Wa Eustace ulikuwa umepita elfu mbili na ulikuwa haurudi.

Hakuja peke yake. Alikuwa na Parag, mtoto wa Mzee Natwarlal wa vitambaa. Tangu biashara ziachiwe huru Parag alikuwa amemwacha baba yake na vitambaa vyake, akafungua duka la spea, na nyuma ya duka alikuwa na uwanja unaotafuta fundi.

"Anselmi, mimi sina maneno mengi," Parag akasema. "Uwanja wangu una paa, una shimo la kuingilia chini ya gari. Ukilituliza hili, Jumatatu unahamia."

Mafundi wa jirani walikuwa wameshajaa kwenye uzio.

"Eustace, hesabu nati zako kabla hujamwachia!" mmoja akapiga kelele.

Wakacheka. Na mimi nikacheka nao, ndugu msomaji.

Nikafungua boneti. Nikaanza na waya wa mafuta, pengine umekazwa mno. Ulikuwa umelegea vizuri. Nikashika mlango wa hewa kwa kidole, pengine haufungi. Ulikuwa unafunga.

"Hao wengine walifanya hivyo hivyo," Eustace akasema.

"Kaa kimya, kijana."

Nikachukua maji ya sabuni nikayadondosha kwenye maungio yote ya gasketi. Injini huvuta hewa kupitia mlango mmoja. Ikipata tundu pembeni inavuta hewa ya wizi, na hapo inapanda yenyewe bila mguu wa mtu. Penye tundu povu linafyonzwa. Nilitazama mpaka macho yakauma. Povu lilikaa kimya.

Ikabaki mipira. Gari la tabo lina mipira mingi kama utumbo wa mbuzi, na dawa yake ni moja: unachukua koleo, unabana mmoja mmoja huku injini inanguruma. Ukibana ule wenye tundu, hewa ya wizi inakatika na mlio unashuka. Kazi rahisi, mradi usiruke hata mmoja.

Nikabana wa kwanza, kimya. Wa pili, wa tatu, wa nne. Nikafika kwenye mpira mnene unaokwenda kwenye busta ya breki, kile chungu cha bati kinachoufanya mguu uwe mwepesi ukikanyaga breki. Mafundi wa Dar walikuwa wameuvika soksi ya nyuzi za chuma, inang'aa kama bangili.

Nikafungua koleo.

"Taratibu hapo, anko!" Eustace akaruka. "Hiyo soksi imetoka Dubai. Ukiichubua haipatikani."

"Lazima niubane."

"Huo ni mpya kabisa. Wamefunga mwezi uliopita. Utabana kitu kipya?"

Nikamtazama Parag. Parag akatazama saa. Kule uzioni mmoja akasema, "Ameshaanza kuharibu!"

Nikaurudisha mkono. Nikauruka mpira ule, nikaenda kwa unaofuata.

Mipira yote iliyobaki ilikuwa mizima. Jua lilikuwa linanichoma shingoni na watu wanangoja. Nikachukua bisibisi, nikatafuta ile skrubu ndogo ya kupunguzia hewa, nikaizungusha. Mlio ukaanza kushuka. Nikazungusha tena. Mshale ukashuka, ukashuka, ukalala kwenye mia tisa.

Gari likatulia kama limelala.

"Anko!" Eustace akanikumbatia na ovaroli langu la mafuta. "Anko, wewe ni mwisho!"

Parag akanipa mkono. Uzio mzima ukanyamaza. Tangu nati ile sikuwahi kusikia kimya kitamu kiasi hicho.

Sasa naungama. Nilijua. Kupunguza skrubu si kuponya. Ni sawa na nyumba inayovuja ukasogeza kitanda. Tundu lilikuwa bado liko mahali fulani, nami nilikuwa nimelinyamazisha tu. Nikajiambia: posa ipite, Jumatatu nitakuwa na shimo la Parag, nitalitafuta kwa nafasi. Nilijiambia hivyo mara nyingi sana kwa siku ile moja.

Ijumaa asubuhi nilikuwa najiandaa kutangulia Mgeta, maana wageni lazima wamkute mjomba nyumbani, asije nao. Dada Yuliana alikuwa ameshapanda tangu Jumatatu. Jesca akanifuata gereji. Alikuwa amemaliza sekondari ya wasichana Kilakala miaka mitatu nyuma na alikuwa akipiga chapa ofisini kwa wakili, kwa hiyo angepanda kesho yake na Eustace na mshenga.

"Shikamoo, mjomba. Nasikia siku hizi wewe ni daktari."

"Marahaba. Nani kasema?"

"Eustace hanyamazi. Nina swali moja na usinitanie." Akaacha kucheka. "Lile gari limepona kweli? Mama anaiogopa ile milima, unajua. Baba yetu mdogo aliishia kwenye kona zile. Wewe ukisema limepona, mimi napanda. Ukisema bado, nakuja na lori la kabichi, sioni aibu."

Alikuwa amenisogezea ukweli mpaka mdomoni. Nilitakiwa kuutema tu.

"Limepona," nikasema.

"Basi." Akanipangusa oili shavuni kwa leso yake. "Vaa shati jeupe kesho."

Nikapanda na lori linalokwenda kufuata kabichi. Tulipita Mzumbe, tukapita Mlali pale chini ya mlima, kisha barabara ikaanza kujinyonganyonga, ukuta wa udongo mkono huu na utupu mkono ule. Kila kona niliuhesabu utupu ule. Siku zote nilikuwa nikisinzia kwenye njia hiyo, lakini safari hii sikuweza kufumba jicho.

Jumamosi saa tano wakaja. Watoto walikimbia nje kupokea gari, nami nilikuwa nimeshakalishwa kwenye mkeka, shati jeupe, mbele ya Mzee Fransisko, mkubwa wa ukoo wetu. Nyumbani kwetu mkeka huo una sheria. Mjomba akishakaa kusikiliza posa, hanyanyuki mpaka atamke jibu. Akinyanyuka kabla, amekataa, na posa ile hairudi tena.

Akaingia mshenga, Mzee Bonifasi, mtu mzima kutoka kwao Eustace, ametota jasho ingawa Mgeta ilikuwa baridi. Eustace akabaki barazani kama inavyotakiwa. Jesca alikuwa ndani ya gari, ndiye aliyeachiwa kazi ya kulizima likishapumua.

Nikatega sikio. Mwanzo lilikuwa mia tisa. Kisha elfu. Kisha likaanza kupanda lenyewe, polepole, kama mtu anayejiandaa kugomba. Elfu na mia tano. Elfu mbili. Masikio yangu hayahitaji mshale.

Jesca akachungulia mlangoni. "Samahanini, wazee. Mjomba, linanguruma tena."

Macho yote yakanigeukia.

"Ni baridi ya huku juu," nikasema. "Injini ikipata baridi hupandisha sailensa. Zima tu, mama."

Injini iliyotoka kupanda mlima saa nzima haina baridi yoyote. Yeye hakulijua hilo. Akanipa tabasamu, akaenda kulizima.

Mzee Bonifasi akafungua vitu vyake. Shuka la bibi, kanga za mama, sukari, chumvi, kila kitu kwa mpango. Akasema maneno yake mazuri. Mzee Fransisko akakohoa.

"Haya, Anselmi. Umeona, umesikia. Mjomba unasemaje?"

Nilikuwa sisikii. Nilikuwa nawaza kitu kimoja, gari lile lisishuke leo. Nikipata usiku mmoja tu, alfajiri nitalifungua boneti peke yangu kabla watu hawajaamka, nitalipata tundu, na hakuna atakayejua. Nikavitazama vile vitu na nikaona upenyo.

"Jembe langu liko wapi?"

Kwetu posa haikamiliki bila jembe la mjomba. Mzee Bonifasi si wa huku, hakujua. Dada Yuliana alikuwa amelidharau akidhani mimi wa mjini sitaliulizia.

"Anselmi!" Yuliana akasema kutoka chumbani. "Jembe la nini, wewe unalima spana?"

"Mila ni mila. Lakini sina haraka. Wageni walale hapa, kesho litafutwe jembe, nami nitatoa jibu langu."

Mzee Fransisko akatikisa kichwa kukubali. Nikashusha pumzi. Nilijiona mjanja, wallahi, nilijiona mjanja kabisa.

"Walale kwa ajili ya jembe?" Mzee Bonifasi akasema. "Na gari liko mlangoni? Eustace! Mwanangu, kuna jembe linatakiwa."

"Nimesikia, baba! Mlali sokoni yapo. Nashuka na kurudi sasa hivi, hata chai haitapoa."

"Hapana," nikasema. "Si lazima leo."

"Anko, usijali. Kwa ile dawa uliyolipa, hili gari litaruka."

"Namsindikiza," Jesca akasema. "Atauziwa jembe la bustani huyu."

Hapo ndipo ningesema. Maneno matatu tu: gari lile bovu. Ukoo wote ulikuwa umekaa, mshenga amekaa, na kule Morogoro Parag alikuwa ameshafagia uwanja wake. Nikafungua mdomo.

"Basi nendeni polepole," nikasema.

Gari likawaka, likanguruma kwa mlio ule wa elfu mbili, likaondoka. Mlio ukapita nyuma ya nyumba, ukazama kwenye kona ya kwanza.

Chai ikaletwa. Mzee Bonifasi akapokea kikombe, akaanza kujisugua goti.

"Gari lina nguvu lile, fundi," akaniambia kirafiki. "Lakini breki za magari haya ya kisasa sizielewi."

"Kwa nini?"

"Ngumu. Pale kwenye kona ya mwisho palikuwa na mbuzi njiani. Kijana alikanyaga kwa miguu miwili, amenyanyuka kabisa kwenye kiti. Tulisimama, lakini mimi nilishaanza kusali. Akasema ni ugeni wa milima. Sasa wakati wa kupanda gari linasimama lenyewe, eti? Kazi iko kwenye kushuka."

Kikombe changu kilikuwa nusu ya safari kuelekea mdomoni.

Sailensa juu na breki ngumu. Vitu viwili, tundu moja. Busta ya breki hufanya kazi kwa mvuto wa injini, unaopita kwenye mpira mmoja tu. Mpira ule ukivuja, injini inaiba hewa na inapanda, na mguu wa dereva unabaki unasukuma chuma kikavu. Fundi anayejua kazi huweka mpira mgumu hapo, na vavu ya njia moja, kizuizi cha hewa isirudi nyuma, ili pumzi ya tabo isiupasue. Wale wa Dar walikuwa wamefunga mpira wa maji na kuufunika kwa bangili. Nami nilikuwa nimesimama mbele yake na koleo mkononi, nimelifungua.

Nikanyanyuka.

"Anselmi!" Mzee Fransisko akaunguruma. "Kaa chini! Ukinyanyuka umekataa!"

"Kaka, unanifanyia nini?" Yuliana akatoka chumbani mbio. "Unamkatalia mwanangu kwa jembe?"

"Gari halina breki!"

"Si umelitengeneza wewe?"

Nilitoka bila viatu. Chai ilikuwa imemwagikia kwenye shati jeupe na sikusikia moto wake.

Barabara ya Mgeta inazunguka mlima. Mtu wa miguu anaukata. Nilishuka kwenye matuta ya kabichi na njegere za watu, naruka, naanguka, nanyanyuka, mama mmoja ananitukana nyuma. Chini yangu nilikuwa nalisikia. Lilikuwa linanguruma bila kukanyagwa, linajisukuma lenyewe kwenye mteremko ambao hata gari zima huushuka kwa gia ya kwanza. Kisha nikasikia honi. Moja ndefu. Kisha nyingine ambayo haikukatika.

Nikaangukia barabarani chini yao, kwenye kona yenye utupu. Mkono wa kulia palikuwa na ukuta wa udongo. Kushoto hapakuwa na kitu.

Wakatokea. Gari jekundu, moshi unafuka kwenye magurudumu, harufu ya breki zinazoungua imetangulia. Niliwaona wote wawili kwenye kioo. Eustace amesimama wima juu ya breki, kichwa kimegusa paa. Jesca ameshika hendibreki kwa mikono miwili.

"Gia ya kwanza!" nikapiga kelele. "Chuna ukuta! Chuna ukuta!"

Gari likikwangua ule udongo lingepunguza mwendo, lakini hawakunisikia. Jesca akainua macho, akaniona. Nikauona uso wake ukibadilika, na haukubadilika kwa hofu. Alifurahi. Mjomba wake amefika, fundi amefika. Akamwonyesha Eustace kwa kidole, nami nikajikuta nimesimama katikati ya barabara na mikono juu, nikiwapungia wasimame, watu ambao mimi mwenyewe ndiye niliyewanyima cha kusimamia.